Mimea ya plastiki ndiyo iliyokuwa jibu

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu swali la mazoezi mlilolichapisha kwenye ukurasa wenu wa elimu, lile la mimea ya ofisini. Jibu mlilolitoa si sahihi, na maelezo mliyoyaambatanisha yanafundisha kinyume cha kile ambacho maswali ya aina hii yanapima. Nilifanya kazi ya maabara kwa miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha, nyakati za jioni, watu wanaojiandaa kwa mitihani ya kuingilia masomo ya juu, GMAT ya biashara na LSAT ya sheria. Kwa hiyo suala la nini kinaipa nguvu nadharia tete, yaani dhana inayosubiri kupimwa, na nini hakiipi nimeishi nalo, kwanza kwenye meza ya vipimo na sasa mbele ya ubao.

Kipande cha gazeti nililetewa na mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi, ambaye huja darasani moja kwa moja kutoka zamu. Alikuwa amekikata vizuri na kukibandika kwenye daftari. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika jibu lake, akalikata, kisha akaandika lenu. Akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Nilisoma swali mara mbili. Hakuwa amekosea popote.

Kwa wasomaji ambao hawakuliona, swali lilikuwa hivi. Jengo moja la ofisi liliweka mimea ya kwenye vyungu katika ukumbi wa kazi. Miezi sita baadaye, siku ambazo wafanyakazi wa ukumbi huo walikosa kazi kwa sababu ya kuugua zilikuwa zimepungua sana. Wasimamizi wakaja na nadharia tete kwamba mimea inasafisha hewa, na kwamba hewa hiyo safi ndiyo iliyopunguza maradhi. Msomaji anaulizwa: lipi kati ya haya, ikiwa ni kweli, linaipa nguvu zaidi nadharia hiyo?

Chaguo A lilisema wafanyakazi wengi walieleza kwamba tangu mimea iwekwe wanajisikia vizuri zaidi kazini. B lilisema upungufu wa siku za kuugua ulikuwa mkubwa kuliko wasimamizi walivyotarajia. C lilisema ukumbi wa pili wa jengo hilohilo uliwekewa mimea ya plastiki inayofanana kabisa na ile halisi, na siku za kuugua huko hazikupungua hata kidogo. D lilisema majengo mengine yanapanga kufanya vivyo hivyo. E lilisema mwezi uleule mimea ilipowekwa, vichujio vya mashine za hewa katika ukumbi wa kwanza vilibadilishwa.

Ninyi mlitoa A. C mkaliweka kando kwa sababu mbili: kwamba linazungumzia plastiki ilhali swali linahusu mimea halisi, na kwamba lina maneno makali, "hata kidogo", ambayo mlisema mtahiniwa ayakimbie.

Nianze na A, kwa kuwa ndipo wengi wanapoangukia na si vigumu kuona kwa nini. Linasikika vizuri. Linataja mimea, linataja watu, linataja hali njema, na yote yanaelekea upande uleule na hitimisho. Lakini nadharia yenyewe haisemi kwamba mimea inawafaa watu. Inasema mimea inawafaa watu kwa njia ya hewa. Njia hiyo ndiyo inayobishaniwa. Mtu mwingine anaweza kusimama na kusema: hewa haikubadilika, ila ukumbi umependeza, watu wakachangamka, na mtu aliyechangamka hakai nyumbani kwa mafua madogo. Mtu huyo akilisoma chaguo A atashukuru, maana limempa ushahidi wake. Chaguo mlilosema linaijenga nadharia ya hewa kwa kweli linamjenga mpinzani wake, au tuseme kwa uchache kwamba linawapa wote wawili sawasawa, na kinachowapa wote sawasawa hakijampa mmoja chochote cha kumzidi mwenzake.

Sasa plastiki. Katika ukumbi wa kwanza mambo mawili yaliingia mlangoni kwa pamoja, yaani sura ya mimea na kazi ya mimea. Hatuna namna ya kujua ni lipi kati ya hayo lililopunguza maradhi, kwa sababu hayajatenganishwa. Ukumbi wa pili umeyatenganisha: sura ipo, kazi haipo. Kama ni kuchangamka kwa macho kulikopunguza maradhi, siku za kuugua zingepungua huko pia. Hazikupungua. Yule aliyesema "ukumbi umependeza" amenyamazishwa, na nadharia ya hewa imebaki na mpinzani mmoja pungufu. Huko ndiko kuipa nguvu. C linaitetea mimea halisi kwa sababu hasa linazungumzia mimea isiyo halisi.

Mwanafunzi wangu aliliona hilo bila kufundishwa na mtu, kwa sababu ya kazi yake. Aliniambia kwamba mgonjwa akipata nafuu baada ya kupewa dawa mbili kwa pamoja, hakuna muuguzi mwenye akili anayesema dawa ya kwanza ndiyo iliyomponya. Anataka kumjua mgonjwa aliyepewa moja tu. Hivyo ndivyo alivyochagua C. Kisha akalikata, kwa sababu gazeti limeandika A.

Kosa hili si geni, na lina historia nzuri ya kulielezea. Mwaka 1854 kipindupindu kililipuka Soho, London, na daktari John Snow akashuku maji ya pampu ya Broad Street. Matabibu wengi wa wakati ule waliamini kwamba ugonjwa huo unaletwa na hewa chafu. Snow alichora ramani iliyoonyesha vifo vimejazana kuizunguka pampu, na ramani hiyo ndiyo inayotajwa sana leo. Lakini itazameni kwa jicho la mpinzani. Anayeishi karibu na pampu anakunywa maji yake, ndiyo, na pia anavuta hewa ya mtaa uleule. Maji na hewa vilikuwa chanda na pete. Ramani peke yake haikuweza kuvitenganisha.

Vilitenganishwa na watu ambao hawakuufuata mpango wa mtaa. Kulikuwa na kiwanda cha bia papo hapo Broad Street, chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa kwa kipindupindu. Kiwanda kilikuwa na kisima chake, na wafanyakazi walipewa bia. Karibu na hapo palikuwa na makao ya maskini yenye watu 535, nayo yalikuwa na kisima chake. Waliokufa humo ni watano tu, ilhali nyumba za pande zote zilikuwa zikizika watu. Hao wote walivuta hewa ya mtaa na hawakunywa maji ya pampu. Halafu kulikuwa na mjane aliyeishi mbali, Hampstead, ambako kipindupindu hakikuwepo. Zamani aliishi Broad Street, akayapenda maji ya pampu ile, na alikuwa akiletewa chupa yake mpaka huko. Alikunywa, akafa. Mpwa wake wa kike aliyekwenda kumtembelea alikunywa maji hayohayo, akarudi kwake Islington, naye akafa. Hao walikunywa maji na hawakuvuta hewa.

Wafanyakazi wa kiwanda cha bia ndio mimea yenu ya plastiki: kitu kimoja kipo, kingine hakipo, na matokeo hayakutokea. Mjane wa Hampstead ni upande wa pili wa sarafu hiyo, na swali lenu lingeweza kabisa kuwa na chaguo la namna yake. Tuseme: wafanyakazi waliokaa nyuma ya ukuta, wanaopata hewa ya ukumbi ule kupitia matundu lakini wasioiona mimea, nao siku zao za kuugua zilipungua. Chaguo hilo lingekuwa na nguvu ileile ya C. Huwa nawaambia wanafunzi wamtafute mjane au wafanyakazi wa bia, na wakishawapata waache kuhangaika.

Hapo niongeze jambo, kwa sababu watu huipenda sana sehemu isiyo na uzito ya kisa hiki. Tumesimuliwa wengi kwamba mpini wa pampu uling'olewa na kipindupindu kikakoma. Mpini uliondolewa kweli, tarehe 8 Septemba 1854. Lakini wakati huo wagonjwa wapya walikuwa wameshaanza kupungua, watu wengi wakiwa wamehama mtaa, na Snow mwenyewe aliandika hivyo bila kuficha. "Tulifanya hivi, kisha hali ikawa vile" ni ushahidi tulio nao tayari tangu aya ya kwanza ya kila swali la aina hii. Kuurudia kwa sauti kubwa zaidi, kama chaguo B linavyofanya lilipotuambia upungufu ulikuwa mkubwa kuliko matarajio, hakuongezi kitu. Matarajio ya wasimamizi hayana uhusiano na hewa.

Kuna chaguo moja ambalo hamkuliweka na ambalo huwasumbua hata wanafunzi hodari, nami nalitaja kwa sababu ndilo linaloonyesha ugumu wa kweli wa maswali haya. Tuseme chaguo lingesema: waliokaa karibu zaidi na mimea ndio ambao siku zao za kuugua zilipungua zaidi. Je, linaipa nguvu nadharia? Ndiyo, kidogo. Linapunguza uwezekano kwamba upungufu ulitokea kwa bahati tu, au kwa sababu ya jambo lililougusa ukumbi wote, kama vile vichujio vipya vya chaguo E. Lakini aliye karibu na mimea anaiona vizuri zaidi, na pia anapata hewa yake zaidi. Sura na kazi bado zinatembea pamoja. Likiwekwa peke yake ni jibu. Likiwekwa kando ya C, linashindwa. Swali halikuuliza ni lipi linaipa nguvu. Liliuliza ni lipi linaipa nguvu zaidi, na neno hilo la mwisho lina kazi yake.

Kuhusu maneno makali. Ushauri wa kuyakimbia maneno kama "wote", "kamwe" na "hata kidogo" una mahali pake. Mahali pake ni maswali ya kutoa hitimisho kutokana na maelezo, ambapo mtahiniwa anaulizwa ni lipi lazima liwe kweli, na neno kali ni ahadi ambayo maelezo hayawezi kuitimiza. Katika maswali ya kuipa nguvu nadharia mambo yamegeuka. Swali limeshasema "ikiwa ni kweli". Machaguo yote tumeambiwa tuyapokee kama ukweli. Kazi yetu ni kupima tu yanafanya nini kwa nadharia. Na ukweli mkali unasukuma zaidi kuliko ukweli wa kusitasita. "Hazikupungua hata kidogo" inamnyamazisha mpinzani vizuri kuliko "huenda hazikupungua sana". Mmechukua ushauri wa swali la aina moja mkaupeleka kwenye aina nyingine, na nawaomba mliseme hilo waziwazi, kwa sababu nimeshaona wanafunzi wengi wakilitupa jibu sahihi kwa kuogopa neno moja.

Maneno hayohayo, "ikiwa ni kweli", yanajibu pia lile ninaloulizwa na wanafunzi wenye elimu ya sayansi. Wapo watafiti wanaotilia shaka sana kwamba mimea michache ya vyungu inaweza kusafisha hewa ya ukumbi mzima, na shaka yao ina msingi. Lakini mtahiniwa aiache mlangoni. Hakuulizwa kama nadharia ni kweli. Ameulizwa ni habari ipi ingeisogeza mbele, hata kama mwisho wake itaanguka. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa kuiita tete: ni kitu ambacho bado hakijakomaa. Anayeipa nguvu anaisogeza hatua moja tu kuelekea kukomaa. Watahiniwa wengi hulitupa jibu zuri kwa kusema "lakini hili halithibitishi". Hakuna aliyeomba uthibitisho. Mjane wa Hampstead hakuthibitisha chochote peke yake.

Isidhaniwe kwamba njia ni hiyo moja ya kumwondoa mpinzani. Ipo nyingine, ambayo naipenda zaidi, labda kwa sababu ya maabara. Nadharia inaweza kudai kitu ambacho hakuna aliyekitafuta bado, kisha kitu hicho kikapatikana. Mwaka 1980 Luis Alvarez, mwanawe Walter, Frank Asaro na Helen Michel waliandika kuhusu tabaka jembamba la udongo la miaka takriban milioni 66 iliyopita, wakati dainosaria walipotoweka. Udongo huo ulikuwa na iridiamu, aina ya metali, nyingi kupita kiasi. Iridiamu ni adimu sana kwenye gamba la dunia, ila ni nyingi zaidi kwenye vimondo. Wakapendekeza kwamba mwamba mkubwa kutoka angani uliigonga dunia. Sasa, kama ni hivyo, lazima pawe na shimo mahali fulani, kubwa ajabu, la umri huohuo. Mwaka 1991 wanasayansi walitangaza kwamba shimo lililofukiwa chini ya ardhi huko Chicxulub, Mexico, ndilo linalofaa. Chaguo la mtihani likisema "shimo la umri huo limepatikana", halijamtaja mpinzani yeyote kwa jina, lakini limeipa nadharia nguvu kwa sababu bila nadharia hiyo hatukuwa na sababu ya kulitarajia shimo hilo.

Neno hilo, kutarajia, ndilo ninalolitumia kumpima kila mwanafunzi anayekwama. Namwambia aligeuze chaguo kichwa chini, kisha aone kama nadharia inatikisika. Ligeuze C: mimea ya plastiki nayo ilipunguza siku za kuugua kwa kiasi kilekile. Nadharia ya hewa imekwisha, hakuna cha kuinusuru. Ligeuze A: wafanyakazi walisema hawajisikii tofauti yoyote. Nadharia ya hewa haijali, kwa sababu hewa inaweza kuwa imesafishwa bila mtu kuhisi chochote. Chaguo ambalo kinyume chake hakiidhuru nadharia, lenyewe haliwezi kuisaidia kwa kiasi kikubwa. Kipimo hiki kinachukua sekunde chache, na sekunde ni chache kweli. Kwenye GMAT ya sasa sehemu ya lugha ina maswali 23 kwa dakika 45, ikiwa ni pamoja na yale ya ufahamu wa vifungu virefu. Kwenye LSAT, tangu Agosti 2024, sehemu mbili kati ya zile zinazohesabiwa ni za kufikiri kwa mantiki, dakika 35 kila moja.

Ushauri mwingine mfupi, kwa kuwa ukurasa wenu haukuutaja: mtahiniwa ayafunike machaguo kwa mkono au kwa karatasi, asome hoja peke yake, na kabla hajafunua aseme kwa maneno yake ni nini kingine kingeweza kuleta matokeo yale. Aseme hasa, asiwaze juujuu. "Vichujio." "Ukumbi umependeza." "Msimu wa mafua umepita." Aliyeshawataja wapinzani wake atawatambua wakitolewa mmoja mmoja. Asiyewataja atavutwa na chaguo lenye maneno mengi yanayofanana na ya hoja.

Kuvutwa huko ni tabia yetu sote, na imepimwa. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa watu namba tatu, 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni fulani na waigundue kwa kutunga namba zao wenyewe. Wengi walidhani kanuni ni kuongeza mbili mbili, wakajaribu 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, kila mara wakiambiwa ndiyo, zinafuata kanuni. Wakatangaza kanuni yao kwa uhakika, nayo haikuwa sahihi. Kanuni ya Wason ilikuwa namba zozote zinazopanda. Aliyejaribu 1, 2, 3 angeanza kuona, kwa sababu namba hizo zingeweza kuivunja dhana yake. 8, 10, 12 hazikuweza kuivunja, ndiyo maana kukubaliwa kwake hakukumpa mtu chochote. Chaguo A lenu ni 8, 10, 12.

Ninalijali jambo hili kuliko alama za mtihani, ingawa alama zina uzito kwa watu wanaolala saa tano tu kwa usiku ili wasome. Maabara nilikofanya kazi, ambayo siitaji, iliwahi kubadilisha kitendanishi, yaani kemikali ya kufanyia vipimo, na mashine katika wiki moja. Majibu yakawa mazuri, na wakubwa wakaandika ripoti ya kukisifu kitendanishi. Niliomba turudishe mashine ya zamani kwa siku moja tu, tupime na kitendanishi kipya. Nikaambiwa haihusiani, tunazungumzia kitendanishi, si mashine. Ni maneno yaleyale mliyoyaandika kuhusu plastiki. Kwa miezi mingi baadaye tulinunua kitu ambacho hatukujua kama kinafanya kazi.

Ombi langu ni dogo. Chapisheni masahihisho kwenye ukurasa uleule wa elimu, si kwenye kona ya mwisho, na mlichapishe upya swali zima na sababu ya C, kwa sababu wasomaji wenu wa ukurasa huo wanakata na kubandika. Muuguzi wangu hakukibandua kile kipande. Ameacha nusu ya ukurasa wazi chini yake, akaandika tarehe, na anasubiri.

Mwalimu wa fikra tunduizi